UZI: Marafiki (Waquaker), kukataa vita na haki ya mtu mweusi. Watu wa Kigoma na Tabora hili linatuhusu

#1 Mwanga_Kigoma (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Mapema mwaka 1916 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwalazimisha vijana kwenda vitani. Ndani ya sheria hiyo hiyo ukaachwa mlango mmoja: mtu akisema dhamiri yake haimruhusu kuua, anasimama mbele ya baraza, anajieleza, baraza linaamua. Wanaume wapatao 16,000 walijaribu mlango huo hadi vita vinakwisha. Haukuwa mlango mpana. Juni 1916 wanaume 35 waliokataa amri, baadhi yao Marafiki, walisomewa hukumu ya kifo huko Ufaransa walikopelekwa kwa nguvu, kisha hukumu ikageuzwa kuwa miaka 10 ya kazi ngumu.

Sasa rudini nyumbani. Julai mwaka huo huo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Kigoma. Wajerumani wakaizamisha wenyewe ile meli yao, ambayo leo tunaiita Liemba, isichukuliwe. Septemba 19 Tabora ikaanguka. Risasi, unga na mizinga ya majeshi yote, ya Mjerumani, ya Mwingereza na ya Mbelgiji, vilibebwa kichwani na mabegani na babu zetu. Wanyamwezi, Waha, Wamanyema, Wasukuma, na ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa. Waliokotwa vijijini, wengi wakafia njiani kwa kuhara, njaa na homa, na makaburi yao hayajulikani. Hakuna baraza lililomwita Mnyamwezi hata mmoja na kumuuliza dhamiri yake inasemaje.

Nimeanza hapo kwa makusudi. Watu wakizungumzia kupinga vita huwa wanazungumzia jambo moja, na wakizungumzia ubaguzi wa rangi wanafungua mada nyingine kabisa. Mimi nimesoma habari za Marafiki kwa muda mrefu na nimefikia mahali nasema haya ni jambo moja. Haki ya kukataa kuua ikiwa ya mtu mweupe peke yake, wakati mzigo wa vita uko kichwani kwa mtu mweusi, hapo amani bado haijatajwa.

Kwa wasiowajua: Marafiki walianza Uingereza katikati ya karne ya 17, mhubiri wao mkubwa akiwa George Fox. Wanaamini ndani ya kila mtu kuna nuru ya Mungu, na mtu hahitaji padri wala sakramenti ili aisikie. Ibada yao ya asili ni kukaa kimya pamoja mpaka mmoja aguswe kusema. Ukiamini hivyo kwa kweli, ni vigumu kumlenga mtu bunduki. Januari 1661 walimwandikia mfalme Charles II tamko kwamba wanakana vita vyote vya silaha, kwa sababu yoyote ile. Tusiwapambe: siku zile kulikuwa kumetokea uasi London na Marafiki maelfu wametupwa jela kwa kushukiwa, kwa hiyo tamko lilikuwa pia la kujinusuru. Lakini hawajalifuta hadi leo.

Na si watu wa mbali. Mwaka 1902 wamisionari wao kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi ya Kenya, na sasa Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani. Burundi walifungua misheni Kibimba mwaka 1934. Mimi niliishi na familia ya Marafiki huko Vihiga nikiwa masomoni, ndipo nilipoanza kuuliza maswali.

Karibuni tujadili kwa hoja.

#2 Kazeh_Tbr

Mkuu heshima yako, uzi umeshiba. Ila mimi nakupinga mapema ili tusije tukapotezeana muda.

Baba yangu mdogo alipigana Kagera. Oktoba 1978 Idi Amin wa Uganda alivuka mpaka, akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni yake. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu Nyerere akatuambia uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Nchi nzima ikaelewa. Walitoka vijana Tabora, Kigoma, kila mkoa.

Nijibu moja tu: Rafiki wa Kaimosi angemwambia nini mama wa Kyaka aliyechomewa nyumba? Akae kimya mpaka nuru imguse?

#3 mlowezi_wa_Kibirizi

Nafuatilia. Mleta uzi usikimbie swali la Kazeh.

#4 Mwanga_Kigoma

Sikimbii. Kazeh, sitasema baba yako mdogo alikosea, na sina ujasiri wa kumfundisha mama wa Kyaka namna ya kuumia.

Marafiki wenyewe hawajawahi kulijibu swali lako kwa sauti moja. Vita vya 1914 vilipoanza, kama theluthi moja ya vijana wao wa Uingereza wenye umri wa kupigana walichukua silaha. Wengine waliunda kikosi cha magari ya wagonjwa, wakaenda kuokota majeruhi mstari wa mbele bila bunduki. Wengine wakakataa hata hilo, wakisema kumtibu askari ili arudi kuua ni kuendesha vita kwa mlango wa nyuma, wakaenda jela. Kanisa moja, imani moja, njia tatu.

Ninachokishika mimi ni kwamba kwao kukataa kuna kazi yake. Vita vilipokwisha, Marafiki wa Marekani waliingia Ujerumani, nchi ya adui, wakawa wanapika chakula cha watoto. Kulipofika kilele walikuwa wanalisha watoto karibu milioni moja kwa siku. Baada ya vita vya pili wakarudia, na mwaka 1947 taasisi zao mbili, ya Uingereza na ya Marekani, zikapewa Nishani ya Amani ya Nobel.

Halafu na mimi nikuulize. Aprili 1979 Amin alikimbia. Uganda ilipata amani mwaka gani? Damu iliendelea kumwagika mpaka 1986, na kaskazini zaidi ya hapo. Jeshi letu lilijua kumtoa mtu ikulu. Kazi ya kumrudisha jirani kwa jirani haikuwa na kikosi wala bajeti. Hiyo ndiyo kazi ninayoizungumzia humu.

#5 Mzee_wa_Ujiji

Wanangu, nimewasoma. Mimi ni Mmanyema wa Ujiji, nimezaliwa hapa na kuzeekea hapa. Dini yangu Uislamu, kwa hiyo sina ugomvi wa kanisa na mtu.

Ninyi mnazungumzia mpagazi wa 1916. Mimi nataka turudi nyuma kidogo. Hii miembe mnayokaa chini yake ilipandwa kwenye njia ya misafara. Pembe na watu vilivushwa ziwa kutoka Manyema, vikapumzishwa Ujiji, vikaenda Tabora, vikaishia Bagamoyo. Hapa kuna koo zilizokuja kwa miguu yao huru kufanya biashara, kuna koo zilizokuja shingo ikiwa kwenye mti, na kuna koo zenye yote mawili na hazisemi. Mpaka leo kwenye ugomvi wa shamba au wa ndoa mtu anaweza kumrushia mwenzake neno la kwamba babu yake alinunuliwa. Nimelisikia kwa masikio yangu, na aliyelisema ni mweusi kama aliyeambiwa.

Kwa hiyo swali langu. Wazungu wamesifiwa sana kwa kukomesha utumwa, kisha wao wao wakaja na kodi na viboko. Hao Marafiki wako mwalimu, hawakuwa na watumwa?

#6 Mwanga_Kigoma

Shikamoo mzee wangu. Walikuwa nao.

William Penn, Rafiki mkubwa aliyeanzisha koloni la Pennsylvania kwa ajili ya amani na uhuru wa dini, alimiliki watumwa. Wafanyabiashara wao wa Philadelphia walinunua na kuuza. Mwaka 1688 wahamiaji wanne wa mji mdogo wa Germantown waliandika malalamiko: mnatuambia tuwatendee watu kama tunavyotaka kutendewa, je, mnataka kuuzwa? Karatasi ile ikapelekwa mkutano wa Marafiki wa mwezi, ikapandishwa wa robo mwaka, ikapandishwa wa mwaka, na huko juu ikawekwa pembeni. Wakasema ni jambo zito mno.

Kuna mtu mmoja nataka mumjue. Benjamin Lay. Alikuwa mfupi sana wa kimo, mwenye kibiongo, aliyewahi kuwa baharia na mwenye duka Barbados, na huko Barbados aliona kwa macho yake watu wanavyosagwa kwenye mashamba ya miwa. Mwaka 1738 aliingia kwenye mkutano wa mwaka wa Marafiki huko Burlington, New Jersey. Alikuwa amevaa joho juu. Akasimama, akalitupa joho, na ndani alikuwa kavaa nguo za askari, kajifunga upanga. Mkononi ana kitabu kilichochimbwa katikati, ndani yake kuna kibofu cha mnyama kilichojazwa maji mekundu ya matunda ya mwituni. Akawaambia Mungu atamwaga damu ya wanaowafanya wenzao watumwa, akakichoma kitabu kwa upanga, na yale maji yakawarukia wenye watumwa waliokaa karibu. Wakambeba wakamtoa nje.

Mzee wangu, kwa nini nguo za askari? Kwa sababu mtumwa hakuzaliwa sokoni. Alitekwa. Kuna kijiji kilichovamiwa usiku, kuna baba aliyeuawa mlangoni. Ukimnunua yule mtoto, umelipia yale mauaji, hata kama wewe unajiita mtu wa amani na hujawahi kushika kisu. Wapinzani wa utumwa miongoni mwa Marafiki waliisema hoja hii tena na tena. Wewe unaijua kuliko mimi, kwa sababu soko la Nyangwe huko Manyema, ambako watu walipigwa risasi ovyo Julai 1871, liko kwenye njia hiyo hiyo ya kuja Ujiji. Livingstone aliyaona yale mauaji, ndipo akarudi hapa kwenu akiwa amevunjika moyo, na Stanley akamkuta.

Mwingine ni John Woolman, mtu wa tabia ya upole kabisa. Kijana wa dukani, tajiri wake akamwambia aandike hati ya kumuuza mwanamke mweusi. Akaandika, na jambo lile likamkaa rohoni maisha yake yote. Akazunguka makoloni kwa miguu na farasi akiongea na wenye watumwa mmoja mmoja, nyumbani kwao. Akilala kwa mtu na kuhudumiwa na mtumwa, asubuhi alitoa fedha ili yule mtumwa alipwe kwa kazi yake. Fikirini aibu ya mwenye nyumba! Sukari iliyotoka kwa watumwa akaiacha. Alifia York, Uingereza, mwaka 1772 kwa ndui.

Mwaka 1758 mkutano wa Philadelphia ukaamua kuwatia adabu wanaonunua na kuuza watu. Lay alikuwa mzee, aliletewa habari hiyo kabla hajafa. Mwaka 1776 ndipo wakasema mwenye mtumwa si Rafiki tena. Tangu Germantown ni miaka 88. Na mwaka 1787, kamati ya watu 12 ilipoundwa London kupigania kukomesha biashara ya watumwa, 9 walikuwa Marafiki.

Lakini haikuishia hapo, na hapa ndipo nawalaumu kwa nguvu zote. Walipomwachia mtu mweusi minyororo hawakumpa kiti. Philadelphia mwalimu mmoja mweusi, Sarah Mapps Douglass, alieleza jinsi yeye na mama yake walivyokuwa wakikalishwa kwenye benchi la weusi ndani ya jumba la ibada, na Rafiki akikaa kila mwisho wa benchi kuhakikisha mweupe hakai pale. Hao ni watu wanaosema nuru ya Mungu iko ndani ya kila mtu! Shule zao nyingi ziliwafungia watoto weusi mlango mpaka katikati ya karne ya 20. Mwaka 2022 ndipo Marafiki wa Uingereza, kwenye mkutano wao wa mwaka, walipokubali rasmi kwamba wana wajibu wa kulipa fidia kwa faida waliyopata kwenye utumwa na ukoloni.

#7 Kazeh_Tbr

Hapa umenigusa. Hoja ya mtumwa kuwa ni mateka wa vita sijawahi kuiwaza. Sisi Unyanyembe tumelelewa kuhesabu vita vya mtemi Mirambo kama ushujaa mtupu, hatuulizi waliotekwa walikwenda wapi.

Lakini bado sijaona mtu mweusi kwenye simulizi yako zaidi ya yule mama wa benchi. Kila anayefanya jambo ni Mzungu.

#8 Mwanga_Kigoma

Kweli kabisa, Kazeh. Basi mchukue Bayard Rustin. Mmarekani mweusi, kazaliwa Pennsylvania 1912, Rafiki. Vita vya pili vya dunia alikataa kuandikishwa jeshini, akafungwa kuanzia 1944 mpaka 1946. Ndani ya gereza akapigana na utaratibu wa kuwatenga wafungwa weusi na weupe. Alipotoka akapanda mabasi ya kusini na wenzake kuvunja utengano, akafungwa tena, safari hii kwenye genge la wafungwa wa minyororo North Carolina. Yeye ndiye aliyemsaidia Martin Luther King kuielewa njia ya kupambana bila silaha wakati wa mgomo wa mabasi wa Montgomery, na ndiye mratibu wa maandamano makubwa ya Washington ya Agosti 28, 1963.

Mwaka mmoja kabla ya maandamano hayo Rustin alikuwa Dar es Salaam. Yeye, Bill Sutherland na wapinga vita wengine walikuja kupanga na Kaunda na Mwalimu maandamano ya watu wasio na silaha ya kuvuka mpaka kutoka upande wa Mbeya kuingia Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), kuunga mkono uhuru. Mambo ya siasa yakasogea, maandamano hayakuhitajika. Sutherland akabaki Dar miaka mingi.

Niongeze mmoja mweupe, kwa sababu alifanya kinachostahili. Eileen Fletcher, Rafiki wa Uingereza, aliajiriwa na serikali ya kikoloni Kenya wakati wa Mau Mau. Alipoona yaliyomo kwenye kambi za kizuizini, pamoja na wasichana wadogo waliofungwa Kamiti, alijiuzulu na mwaka 1956 akayaandika hadharani. Serikali yake ilimshambulia. Hakurudi nyuma.

#9 Binti_Ulyankulu

Kaka mleta uzi, nimesoma kimya mpaka hapa. Sasa naomba nafasi.

Wazazi wangu walitoka Burundi 1972. Nimezaliwa Ulyankulu, makazi ya wakimbizi mkoani Tabora. Uraia tuliupata kwa vyeti, mwaka 2014, tulikuwa zaidi ya watu laki moja na sitini. Cheti ninacho, na kwenye foleni ya zahanati bado naitwa mkimbizi. Kwa hiyo mzee wa Ujiji aliposema juu ya lile neno linalorushwa kwenye ugomvi, nilimwelewa.

Nataka kuzungumzia Kibimba uliyoitaja juu juu. Oktoba 21, 1993, rais Ndadaye wa Burundi alipouawa, pale pale Kibimba, kwenye misheni ya Marafiki, wanafunzi na walimu Watutsi wa ile shule walikusanywa, wakaingizwa kwenye jengo la kituo cha mafuta, wakachomwa moto. Mkuu wa shule mwenyewe alihukumiwa baadaye kwa kuhusika. Baada ya hapo jeshi nalo likaua Wahutu wa vilima vya jirani. Nyumbani kwetu habari hizi zilifika kwa kunong'onezana.

Shule ilianzishwa na watu wa amani. Miaka karibu 60 ya mahubiri ya nuru ndani ya kila mtu. Tufanye nini na hilo?

#10 Mwanga_Kigoma

Dada yangu, sina jibu linalolingana na watu wale. Naweza kukueleza kilichofuata tu.

Mwaka 1994, wakati vita bado vinaendelea, Wahutu na Watutsi wa Kibimba waliunda kamati ya amani. Upande mmoja ulikuwa umejihifadhi chini ya wanajeshi, upande mwingine umekimbilia vilimani. Kukutana tu kulikuwa hatari, kila upande ukiwaona wanaokwenda kama wasaliti. Kamati ile ilisaidia shule na hospitali kufunguliwa tena.

Kuanzia 2003 Marafiki wa Burundi na Rwanda walianzisha semina za siku tatu za kuponya majeraha ya vita. Wanaitwa watu kama 20, nusu kutoka kila upande: mjane, mtu aliyetoka jela, jirani aliyenyamaza. Kuna zoezi ambalo wote huchora mti wa kutoaminiana, wanaandika mizizi yake, wanaandika matunda yake, kisha wanachora mti wa kuaminiana. Kuna lingine ambalo mmoja anafungwa kitambaa machoni na mwingine, wa upande wa pili, anamshika mkono kumwongoza nje. Njia nyingine wanayoitumia ilizaliwa mwaka 1975 kwenye gereza la Green Haven, New York, wafungwa wenyewe walipowaomba Marafiki waje kuwasaidia kupunguza vurugu. Angalia ilikotoka: gerezani.

Ninachoona ni kwamba mahubiri yale ya miaka 60 yaligusa roho ya mtu mmoja mmoja na kuliacha suala la kabila lilivyokuwa: nani anasoma, nani anaingia jeshini, nani ana cheo. Mtu anaweza kuimba amani Jumapili na Jumatatu akajua hasa nani ni nani darasani. Philadelphia lilikuwa benchi, Burundi ikawa kabila, na kwetu hapa ni hicho cheti chako na hilo neno la mzee wa Ujiji.

#11 Binti_Ulyankulu

Nimekuelewa. Bado inauma, lakini nimekuelewa.

Swali la mwisho: hizo semina zinaweza kufanyika huku? Simaanishi za Mhutu na Mtutsi. Namaanisha mwenyeji na mkimbizi.

#12 Kasulu_Mjini

Naomba nijibu mimi, nipo Kasulu na nimefanya kazi karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kambi ile iko tangu 1996, ilianza na Wakongo, 2015 wakaongezeka Warundi. Mwaka huo wa 2015 ndio ule ambao watu maelfu kwa maelfu walikwama Kagunga, kijiji cha ziwani karibu na mpaka wa Burundi, kipindupindu kikawashika, Liemba ikawa inawavusha kuwaleta Kigoma mjini, wanalala uwanja wa Lake Tanganyika.

Watu wa mjini walitoa nguo na chakula siku zile, niliona. Baadaye maneno yakageuka. Kuni zikipungua ni wakimbizi. Ng'ombe akiibwa ni wakimbizi. Na upande wa pili wako wenye kinyongo cha haki: soko la pamoja limefungwa, kutoka kambini ni kwa kibali, kijana anakulia humo mpaka anaoa.

Semina inawezekana. Kikwazo cha kwanza ni hicho kibali, kwa hiyo msiwaite wakimbizi mjini, wenyeji ndio waende. Wapo wenyeviti wa vijiji wanaopakana na kambi, nao wana kesi za mashamba kila wiki, wangefurahi kusaidiwa. Na msianze na viongozi wa dini. Anzeni na akina mama wa kuni, wao ndio wanaokutana porini.

#13 Mzee_wa_Ujiji

Kasulu, mkifika kwenye ule mti wa kutoaminiana, mwiteni na mtu wa Ujiji. Nitakuja mimi kama magoti yataruhusu, au nitamtuma mwanangu.

#14 Kazeh_Tbr

Mimi bado naamini Amin alistahili kupigwa. Lakini ada ya ukumbi kwa siku moja nachangia. Kasulu, niandikie pembeni unieleze inalipwaje, na kibali kinaombwa ofisi ipi, kabla mvua hazijaharibu barabara.